Mchaichai wa Njia Panda

Juzi mjukuu wangu Kelvin alikuja na simu yake kunionyesha picha ya uwanja wangu. Si uwanja ulivyo, bali utakavyokuwa akishaumaliza. Kelvin ana kazi nzuri Naivasha, anatengeneza bustani za mahoteli, na kijana anajua kazi, sitamwonea. Lakini kwenye picha ile nyumba yangu ilikuwa imezungukwa na kabro, yale matofali ya saruji ya kupanga chini, kutoka mlangoni mpaka getini, yote ya kijivu, yote sawasawa, na kando kando kuna nyasi za plastiki.

"Shosho, hii ni modan," akaniambia. "Hakuna kufyeka, hakuna matope. Unaosha tu na mpira."

"Na nikitoka nje nitajuaje niko wapi?"

Akacheka. Alidhani namtania. Basi nimemketisha dada yake hapa aandike ninavyosema, ili Kelvin na nyinyi wenzake mnaochora bustani kwa kompyuta mjue kwa nini nilikataa. Daktari wa macho ameniambia wazi kwamba jicho la kushoto limekwisha na la kulia liko njiani. Siogopi sana, kwa sababu giza hilo nililiona likimjia mama yangu, na nikamtengenezea njia ya kulipitia. Ile ndiyo bustani bora niliyowahi kutengeneza, na haikuwa na ua hata moja la kupiga picha.

Mimi ni Rasoa, binti wa Eseri. Baba alikufa nikiwa mdogo, na ami zangu kule Maragoli wakagawana shamba lake kabla matanga hayajaisha. Mama akanichukua, tukapanda treni mpaka Nakuru, akapata kazi ya kuchuma pareto kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Njoro. Tukapewa nyumba kwenye laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, nyumba ya mwisho kabisa. Hapo ndipo palikuwa kwetu, hatukuwa na kwingine.

Kazi ya bustani haikuwa ya wanawake wakati huo. Niliingia kwa sababu ya Emagensi, ile hali ya hatari ya siku za Mau Mau. Wanaume wengi wa bustani ya mzungu walikuwa Wakikuyu, na siku moja malori yalikuja yakawabeba na wake zao na kuku zao, wakarudishwa makwao kwa nguvu. Bustani ikabaki na mtu mmoja tu, Mzee Ambani, mtu wa kwetu, aliyekuwa na mgongo mbovu na mdomo mzima. Memsahib, mke wa mzungu yule, akatazama magugu yanavyopanda, akatazama laini, akasema wasichana watatosha. Sitawadanganya kwamba nilifurahi. Rafiki yangu Wambui aliondoka na lori lile, na panga nililopewa lilikuwa la babake.

Mzee Ambani hakunifundisha kwa kuniambia. Alinifundisha kwa kunicheka. Wiki ya kwanza Memsahib aliagiza njia ya kutoka barazani mpaka kwenye mawaridi, nikachukua kamba na vijiti, nikapiga mstari ulionyooka, nikaanza kuchimba. Mzee akaketi juu ya wilbaro akanitazama mpaka jasho likaniisha.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo, mzee."

"Maliza. Halafu kesho uangalie watu watapita wapi."

Kesho yake mpishi akapita juu ya nyasi, mbwa wakapita juu ya nyasi, na Memsahib mwenyewe akapita juu ya nyasi akienda kulaumu kwamba watu wanapita juu ya nyasi. Mzee akasema, "Njia huchorwa na miguu. Wewe kazi yako ni kuweka mawe tu." Tangu siku ile sijawahi kuweka njia kabla ya kuwaacha watu watembee kwanza. Na nyinyi, kama mnataka njia ipinde, ipeni sababu ya kupinda, hata kama ni mti mmoja au jiwe kubwa. Njia ikipinda bila sababu, watu wataikata, na hamtakuwa na haki ya kuwagombeza.

Mengine niliyaokota kidogo kidogo. Mahali pa kuketi usipachague asubuhi, kwa sababu asubuhi kila mahali pa Nakuru ni pazuri. Nenda saa kumi jioni wakati upepo umeshuka kutoka mlima Menengai na vumbi jeupe limenyanyuka ziwani, ndipo utajua ni ukuta gani wa kuuegemea. Fensi ya kayaba, ule mti wa miiba, ikate iwe pana chini na nyembamba juu, la sivyo chini itakauka na mbuzi wa jirani atakusalimia sebuleni. Na nyasi zile za kikuyu ni nyasi nzuri sana, lakini ni kama mgeni wa mama mkwe, ukimpa kitanda atachukua nyumba. Zitie ukingo wa matofali mapema.

Hata Mzee Ambani alikosea. Memsahib alitaka kibwawa chenye samaki wa rangi, na mzee akaapa kwamba kuchimba shimo ni kazi ya mtoto. Tukachimba, tukajaza maji kwa ndoo, samaki wakaletwa kutoka mjini kwa gari. Udongo wetu ulikuwa ule wa majivu ya volkano ya zamani, mwepesi, wenye mawe yenye matundu yanayoelea majini. Asubuhi tukakuta samaki wanarukaruka kwenye tope na maji hayapo. Tuliwaokoa kwa sufuria ya chai ya mzee, na hakuacha kuipikia chai, alisema samaki hawana uchafu. Baadaye tulileta udongo wa kichuguu, tukaumwagia maji, tukawapitisha ng'ombe wa plau juu yake mpaka ukashikana, ndipo kibwawa kikakaa.

Nilikuwa nikijivunia kibwawa kile nilipogundua kwamba mama haoni.

Nilirudi jioni nikamkuta ameketi mlangoni na goti limechubuka. Akasema amejikwaa. Kesho yake nikamkuta amechubuka kiwiko. Siku ya tatu nilimfuata kwa nyuma asubuhi, akiwa hajui, nikaona anavyotembea. Alikuwa anaburuta mguu mmoja mbele kama mtu anayetafuta shilingi gizani. Palipokuwa na njia panda, kushoto ukienda bandani tulikoitwa majina kila asubuhi, kulia ukiteremkia mtaro mkubwa wa maji ya mvua, mama akasimama, akageuza kichwa huku na huku, akaenda kulia. Nikakimbia nikamshika kabla hajafika ukingoni.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mvua ile nyingine," akasema. "Wewe nyamaza. Mikono yangu iko sawa."

Na kweli mikono yake ilikuwa sawa. Katika mstari wa pareto hakuhitaji macho. Ua lililokomaa hujilaza wazi, changa hujikunja, na vidole vyake vilijua tofauti kuliko macho ya wasichana wenye miaka kama yangu. Kikapu chake kilikuwa kinajaa mapema kuliko changu kingejaa. Shida ilikuwa kufika.

Na ilikuwa lazima afike peke yake. Bwana, yule mzungu mwenye shamba, alikuwa ametangaza mbele ya watu wote kwamba nyumba za laini ni za wanaofanya kazi, na mtu asiyeweza kujipeleka kazini arudi kwao. Nyumba yetu ilikuwa kwa jina la mama. Sisi wasichana wa bustani tulikuwa vibarua wa siku, hatukupewa nyumba. Mama akijulikana kwamba ni kipofu, tungefunga mizigo yetu, na sijui tungeifungulia kwa nani. Nyapara wetu, Arap Sang, alikuwa mtu mrefu asiyecheka, mwenye buti zinazong'aa, na tulimwogopa kuliko Bwana, kwa sababu Bwana alikuwa haoni mambo ya laini na Arap Sang alikuwa anayaona.

Basi nikaamua kumtengenezea mama bustani.

Nilianza kwa ujinga wa fundi aliyesifiwa. Nilifikiri: mama haoni, lakini ananusa. Nikaomba vipandikizi kwa Mzee Ambani, nikaleta mnanaa, rozimeri, mchaichai, jeranamu ile yenye harufu ya waridi, hata leleshwa kutoka porini. Nikavipanda kando ya njia yote, vimepangwa kwa urefu, vifupi mbele na virefu nyuma, kama kwa Memsahib. Wanawake wa laini wakaja kutazama wakapiga makofi. Nilikuwa na kichwa kikubwa hapo, hamngeweza kunivalisha kofia.

Asubuhi mama akatoka, akapiga hatua chache, akasimama.

"Rasoa."

"Naam, mama."

"Umeniletea soko lote puani. Sasa nitajua aje niko wapi?"

Nikamwendea Mzee Ambani nikilia. Sikumficha, alikuwa mtu wa kwetu. Alicheka kwanza, maana hakujua kuanza kwa njia nyingine, halafu akafuta macho yake kwa mkono wa shati.

"Wewe umepanda ya kuonwa," akasema. "Mama yako anataka ya kuambiwa. Mtu akikuambia maneno kumi mara moja, unasikia nini?"

Tukang'oa karibu kila kitu. Tukaacha rozimeri mlangoni petu, ukiigusa na sketi inakusalimia. Mnanaa tukauhamishia kwenye mfereji wa bomba tulikochota maji, kwa sababu unapenda miguu mibichi. Na pale njia panda, upande wa kushoto, tukaweka kishina kimoja cha mchaichai, peke yake, pembeni kabisa ili jani limfikie mkononi. Baina ya mahali na mahali hatukupanda kitu. Vijana, hapa ndipo wengi wenu mnaposhindwa. Mnaogopa kuacha mahali patupu.

Lakini upepo ukivuma harufu huhama, hivyo mzee akasema miguu nayo ipewe habari yake. Mama alitembea bila viatu. Kutoka njia panda kwenda bandani tukamwaga yale mawe mepesi yenye matundu, yanayolia chini ya unyayo. Njia ya kwenda mtaroni tukaiacha udongo mtupu, na kabla yake tukazika mstari wa matofali yaliyosimama, yakitokeza kidogo tu, ya kuuambia mguu kwamba basi, rudi. Tulifanya haya Jumapili baada ya kanisa, na kila aliyeuliza tulimwambia tunazuia matope.

Mama alijifunza njia ile haraka. Akaanza kutembea kichwa juu. Alikuwa anapita mfereji anawasalimia watu kwa majina, akiwatambua kwa kikohozi chao na mlio wa ndoo zao, na mimi niliyekuwa nyuma yake nikatembea na moyo mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Nilimpenda sana mama yangu asubuhi zile.

Ndipo ikasemwa wageni wanakuja. Wazungu wa pareto, marafiki wa Bwana, walitaka kuona shamba na laini zake, na Bwana alitaka laini ionekane safi. Siku ile ya kutayarisha nilishinda kwenye nyumba kubwa, tukipanga meza za chai chini ya jakaranda na kukata kingo za nyasi. Memsahib akapita na mwavuli wake akisema, "Safi sana, Rasoa, maridadi kabisa." Nikarudi jioni nimechoka, nimefurahi.

Laini nzima ilikuwa imebadilika. Kundi la vibarua wa upande wa juu lilikuwa limeletwa na gari la ng'ombe lililojaa maramu, ule udongo mwekundu wa barabara. Walikuwa wamefyeka kila kilichosimama, wakamwaga maramu mpya njia zote, ya mfereji, ya bandani, ya mtaroni, wakaisawazisha kwa nyuma ya jembe mpaka ikawa laini kama meza. Mawe mepesi yalikuwa chini yake, na matofali pia. Rozimeri haikuwepo, mnanaa haukuwepo. Mchaichai ulikuwa umekatwa mpaka kwenye mzizi na majani yake kutupwa kwenye rundo la takataka pamoja na mengine yote. Kila mtu alisema ni safi, na ilikuwa safi. Ukiwa na macho, hungeweza kuilaumu.

Nilimwambia mama nitamshika mkono asubuhi.

"Ukinishika mkono mbele ya wageni," akasema, "wewe ndio umenifukuza. Wacha. Nitatembea."

Hatukulala vizuri. Asubuhi nilitangulia kama nilivyoagizwa, nikasimama na wengine mbele ya banda. Bwana alikuwa pale na wageni wake watatu, na Arap Sang mbele yao, mikono nyuma. Yeye alikuwa akiita majina bila kusoma popote, kufuata nyumba, kuanzia ya kwanza, na jina la mama lilikuwa la mwisho siku zote. Mama alikuwa na kawaida ya kufika jina lake likikaribia.

Nikamwona anatoka. Alipita mfereji vizuri, maji yalikuwa yanadondoka. Akafika njia panda akasimama. Akanyoosha mkono pembeni, mahali pa mchaichai, na mkono ukakamata hewa. Akakanyaga mbele kidogo, akakanyaga kando, maramu tupu kila upande. Nilitaka kukimbia, nikakumbuka alivyonionya. Mgeni mmoja alikuwa ameanza kumtazama. Mama akageuza mwili taratibu kuelekea kulia, kwenye mtaro.

"Eseri!"

Ilikuwa sauti ya Arap Sang. Alikuwa hajaita jina hata moja bado.

Mama akasimama. "Niko!" akaitika, akageuza uso wake kwenye sauti.

"Eseri!"

"Niko!" Akapiga hatua. Wanawake wenye watoto mgongoni waliwaziba midomo kwa matiti. Nikaelewa papo hapo, nikiwa nimesimama katikati yao, kwamba hakuna aliyekuwa hajui.

"Eseri! Sikusikia!"

"Niko, nyapara! Niko!" Na sasa alikuwa anakuja moja kwa moja, kichwa juu, kwenye ile maramu, mpaka akasimama mbele yetu mahali pake.

Bwana akamgeukia Arap Sang akiwa amekasirika. "Wewe, masikio yako iko mbaya?"

"Ndio, Bwana," akasema. "Ni hii upepo."

Hakukuwa na upepo. Akaanza kuita majina ya watu wengine, kuanzia nyumba ya kwanza.

Jioni alikuja mlangoni kwetu. Nilidhani amekuja kutuambia tufunge mizigo, nikasimama mbele ya mama. Alikataa kiti. Akatazama buti zake, zilizokuwa nyekundu kwa maramu.

"Rasoa, ile majani ya chai mlikuwa nayo pale njia panda."

"Mchaichai, nyapara."

"Hiyo. Rudisha. Na mawe yenu pia, toa hii maramu juu yake. Mimi siwezi kuwa kiziwi kila siku."

Mama akamuuliza kutoka ndani alijua lini.

"Ile siku nilisimama hapo kwa mfereji nimenyamaza, ukaniambia mimi, 'Habari ya asubuhi, dada'," akasema. Ndiyo siku pekee niliyowahi kumwona Arap Sang akicheka, na mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Mizizi ya mchaichai haifi kwa panga. Kabla mwezi haujaisha jani lilikuwa limefika mkononi kwake tena. Mama aliishi nyumba ile na kuchuma pareto hadi alipozeeka kabisa, na siku moja kabla ya kufa alikwenda mfereji peke yake na kurudi na maji. Mimi nimetengeneza bustani nyingi tangu hapo, za wazungu, za Wahindi wa mjini, za wakubwa wetu baada ya uhuru. Watu wamenisifu, na nimesahau nyingi.

Kelvin alirudi Jumamosi. Nilimwambia avue viatu, afumbe macho, atembee kutoka mlangoni mpaka getini. Alianza akitabasamu, akafika karibu na tangi la maji akaligonga kwa paji la uso.

"Shosho!"

"Hapo hapo," nikamwambia. "Weka alama."

Hakuleta ile picha tena. Kabro ameweka kipande kidogo tu getini, pa gari lake, na huku kwingine amemwaga kokoto inayolia. Rozimeri iko mlangoni. Mchaichai ameupanda pale njia inapogawanyika kwenda jikoni, na amejifunza kuuacha peke yake.

Leo asubuhi nimefumba hata hili jicho lililobaki, nikatoka kujaribu. Kokoto ikalia, halafu jani likanigusa mkono, nikasimama kulinusa. Hakuna aliyekuwa ameniita. Lakini nilijikuta nimeinua kichwa na kuitika, kwa sauti, mpaka Kelvin akatoka nje mbio kuuliza kuna nini:

"Niko."